Ndege za Magendo na Sauti ya Dhamiri

Mjini Yerusalemu, katika makaburi ya Wakristu, imezikwa sehemu ya majivu ya Mmarekani mmoja, jina lake Charles Winters. Hakuwa Myahudi. Alikuwa Mprotestanti mwenye asili ya Ireland, mtu wa Boston, aliyefanya biashara mjini Miami akisafirisha matunda kwa ndege kuukuu za jeshi. Mwaka 1949 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miezi kumi na minane kwa kuwa alizitoa kwa siri ndege tatu kubwa za kuangusha mabomu, aina ya B-17, ziende kulitumikia taifa jipya la Israeli. Katika wote walioshitakiwa kwa mambo ya namna hiyo, ni yeye peke yake aliyeingia gerezani. Alifariki mwaka 1984. Desemba 2008, miaka ishirini na minne baada ya kifo chake, Rais George W. Bush alitangaza kumsamehe.

Wazee husema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Winters hakuzaliwa nao, na hata hivyo alifungwa kwa ajili yao. Basi kaburi lake latuwekea swali ambalo si la Wamarekani wala la Wayahudi peke yao: je, mtu aliye raia mwema aweza, bila kutenda dhambi, kuvunja sheria ya nchi yake ili apeleke silaha kwa watu walio katika hatari? Wapo wanaojibu upesi kwamba dhamiri njema haina haja ya kibali cha forodha. Wapo wanaojibu upesi vile vile kwamba Mtume Paulo aliwaagiza Warumi kuitii mamlaka, basi yamekwisha. Sisi twaona pande zote mbili zina haraka mno. Kabla ya kuhukumu, yatupasa kwanza kujua yaliyotendeka.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa uliamua, kwa kura 33 dhidi ya 13, kwamba Palestina igawanywe kuwa nchi mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Nchi kumi hazikupiga kura upande wowote. Waarabu, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi ile, waliukataa mgawo huo, na mapigano yakaanza mara moja. Tarehe 5 Desemba serikali ya Marekani ilikataza silaha zisipelekwe Mashariki ya Kati kwa upande wo wote. Aprili 1948 katazo hilo likakazwa zaidi: hata ndege ya mizigo haikuweza kutoka bila kibali. Tarehe 14 Mei David Ben-Gurion alitangaza kuzaliwa kwa taifa la Israeli, na kesho yake majeshi ya Misri, Transjordani, Siria na Iraki yakavuka mpaka.

Wakati huo alikuwako mtu aitwaye Al Schwimmer, fundi wa ndege katika kampuni ya TWA, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alitumika katika usafirishaji wa jeshi la anga la Marekani. Vita ilipokwisha, serikali ya Marekani ilikuwa na ndege nyingi zisizo na kazi, ikaziuza kwa bei ya kutupa. Schwimmer alinunua ndege tatu za aina ya Constellation kwa dola 15,000 kila moja, na ndege za mizigo za aina ya C-46 kwa dola zipatazo 5,000 kila moja. Alifungua karakana Burbank, katika jimbo la California, akawakusanya marubani na mafundi waliokuwa naye vitani, na wengine waliofahamiana nao. Wengi wao walikuwa Wayahudi, lakini si wote. Walikuwa vijana waliokwisha kuona mauti kwa macho yao wakiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu au ishirini na minne, na sasa walikuwa nyumbani, wazima, wakisoma magazetini habari za ndugu zao waliokuwa bado katika kambi za wakimbizi huko Ujerumani.

Njia waliyoitumia kulikwepa katazo yastaajabisha. Waliziandikisha ndege zao katika nchi ya Panama, kwa jina la kampuni ya safari za anga ambayo, kwa maneno ya mdomoni na ya karatasini, ilikuwa yaja kuwa shirika la ndege la nchi ile. Toka Panama wakaruka hadi Natal, huko Brazil. Toka Natal wakavuka Atlantiki hadi Dakar, katika Afrika yetu hii. Kisha Casablanca, kisha Catania katika kisiwa cha Sisilia. Ndege moja ilianguka Mexico City mwezi Aprili 1948, watu wawili wakafa. Mwisho wa safari ulikuwa kiwanja cha Žatec katika nchi ya Czechoslovakia, kiwanja kilichokuwa zamani cha jeshi la anga la Hitler.

Hapo Žatec ndipo waliponunua ndege za kivita. Nazo zilikuwa za namna gani? Zilikuwa Messerschmitt, zile zile za Wanazi, zilizoundwa na Wacheki baada ya vita na kutiwa injini isiyozifaa. Wacheki wenyewe waliziita Mezek, yaani nyumbu, kwa ukaidi wao. Zilinunuliwa 25. Zikafunguliwa vipande, zikapakiwa matumboni mwa ndege kubwa, zikasafirishwa usiku hadi Israeli. Tarehe 29 Mei 1948 nne za kwanza ziliruka kuwashambulia Wamisri waliokwisha kufika Isdud, mwendo wa kilometa thelathini na kidogo toka Tel Aviv. Rubani mmoja, kijana wa Afrika Kusini, aliuawa siku hiyo. Wamisri hawakusonga mbele tena kwenda Tel Aviv.

Haya ndiyo yaliyotendeka. Sasa tuyapime.

Msomaji asidhani kwamba sheria iliyovunjwa ilikuwa sheria mbaya. Serikali inayokataza silaha zisitoke nchini mwake kwenda penye vita haitendi uovu; yatenda jambo ambalo mapapa wamelihimiza mara nyingi. Wala haifai kulikwepa jambo hili kwa kutumia fundisho la wanateolojia fulani wa zamani, lililojadiliwa sana katika madarasa ya seminari kuu, kwamba sheria za forodha na kodi humfunga mtu kulipa faini akikamatwa, bila kuifunga dhamiri yake. Fundisho hilo halijapata kutupendeza. Nchi ambayo raia wake wanadhani sheria ni mchezo wa kukamatwa na kutokukamatwa haitadumu.

Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino atufungulia mlango mwingine, na kweli ni mlango. Katika Summa Theologiae asimulia habari ya mji uliozingirwa na maadui, ambao umewekewa sheria kwamba malango yasifunguliwe. Sheria hiyo ni njema. Imewekwa kwa usalama wa wote. Ghafula wananchi waliokuwa nje wakiupigania mji wanakimbizwa na adui, wanafika langoni. Je, mlinzi afunge kwa kuwa sheria yasema afunge? La, asema Tomaso. Afungue, kwa sababu aliyeiweka sheria alitaka kuwaokoa watu, si kuwaua. Na kama hatari ni ya papo kwa papo, hata hakuna nafasi ya kumwendea mkubwa kuuliza, basi dharura yenyewe ni ruhusa.

Twaamini kwamba marubani wale, katika majira yale ya mwaka 1948, walikuwa kama mlinzi aliye langoni. Kumbukeni ni watu gani waliokuwa nje. Mwezi Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, huko Ufaransa, kuzungumza habari za Wayahudi waliokimbia Ujerumani, na karibu zote zikaeleza kwa adabu kwa nini haziwezi kuwapokea. Mwaka 1939 meli St. Louis, yenye Wayahudi zaidi ya 900, ilikataliwa Kuba, ikakataliwa Marekani, ikarudi Ulaya. Wapatao 250 kati yao waliuawa baadaye. Wayahudi milioni sita waliuawa katika nchi zilizobatizwa, na wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Jambo hilo Mkristu hana budi kulisema kabla hajafungua kinywa chake kuwahukumu Wayahudi waliotafuta silaha. Vita haikuwa imepita miaka mitatu. Mwaka 1947 abiria wapatao 4,500 wa meli Exodus walizuiwa na Waingereza kuingia Palestina, wakarudishwa hata Ujerumani. Watu hao, walipoambiwa kwamba ulimwengu utawalinda, walikuwa na sababu ya kutosadiki.

Tena, katazo la Marekani liliwazuia wote kwa maneno, lakini halikuwa sawa kwa matendo. Misri, Iraki na Transjordani zilikuwa na mapatano na Uingereza na zilikwisha kupata silaha kwake. Jeshi la Transjordani liliongozwa na maofisa Waingereza. Wayahudi walikuwa na bunduki za siri, wala hawakuwa na ndege hata moja ya kivita. Tarehe 18 Mei ndege za Misri ziliangusha mabomu katika kituo cha mabasi cha Tel Aviv, zikaua watu 42. Mtu aliyeyajua hayo, na ambaye alikuwa na ndege karakanani na ujuzi mikononi, kisha akakaa kimya kwa kuheshimu kibali cha forodha, sisi tungemwita raia mtiifu. Sijui kama tungemwita jirani mwema.

Itasemwa: je, uwongo? Maana magendo hayafanyiki bila uwongo. Maofisa waliambiwa habari za abiria wa Panama ambao hawakuwako. Hapa hatuwezi kusifu. Kitabu cha Kutoka chasimulia habari za wakunga wa Kiebrania waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto, na Mungu akawatendea mema. Lakini Mtakatifu Agostino ashikilia kwamba walilipwa kwa huruma yao, si kwa uwongo wao. Kuficha siri mbele ya mtu asiye na haki ya kuijua ni jambo moja. Kumwambia lisilokuwako mtumishi halali wa nchi yako mwenyewe ni jambo jingine. Tuwaachie marubani wale kosa hilo, dogo au kubwa, walipime mbele ya Mungu. Yapo mazito zaidi.

La kwanza ni hili. Kila mvusha silaha katika dunia hii husema maneno yale yale ya mlinzi wa langoni. Sisi tunaokaa karibu na Maziwa Makuu twalijua jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama lilikataza silaha zisipelekwe Rwanda. Mwezi wa Juni ndege zilizopakia silaha toka visiwa vya Shelisheli zilitua Goma. Karatasi zilisema kwamba mzigo ni wa Zaire, lakini ulikuwa wa jeshi la serikali iliyokuwa ikiwaua raia wake. Walioupokea nao walidai kwamba wanalinda taifa lao lisiangamizwe. Usiku ule ule, ndege zile zile, karatasi za uwongo zile zile. Tofauti iko wapi?

Haiko katika ujasiri, wala katika uchungu wa moyo. Iko katika ukweli wa jambo lenyewe: ni nani hasa anayekimbia na ni nani anayemkimbiza. Ndiyo maana haitoshi mtu kusema kwamba dhamiri yake imemwagiza. Dhamiri ni jicho, nayo macho huona vibaya penye giza. Mwenye kutaka kuivunja sheria ya nchi yake ana wajibu wa kuchunguza mara mbili kuliko mwenye kuitii, kwa kuwa ameiondoa kazi hiyo mikononi mwa mamlaka na kuitwika mabegani mwake mwenyewe. Tena ni lazima aangalie ampa nani. Tomaso huyo huyo ataka vita ya haki iendeshwe na mamlaka halali, si na kila mwenye hasira. Katika Palestina ya wakati ule yalikuwako makundi ya Wayahudi yaliyofanya vita yao wenyewe, Irgun na Lehi. Baadhi ya wafuasi wao walikuwa wafungwa wa Waingereza hata huku Afrika Mashariki, katika kambi ya Gilgil, Kenya, tangu mwaka 1947 hadi Julai 1948. Makundi hayo ndiyo yaliyofanya mauaji ya wanakijiji wa Deir Yassin tarehe 9 Aprili 1948; nao watu wa Lehi ndio waliomwua Folke Bernadotte, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, mjini Yerusalemu, tarehe 17 Septemba mwaka huo. Schwimmer na wenzake hawakuwapelekea hao. Walilipelekea jeshi ambalo Ben-Gurion aliliweka chini ya amri moja, hata akaamuru meli ya Irgun, Altalena, ipigwe mizinga mbele ya Tel Aviv mwezi wa Juni, kwa kuwa ilileta silaha zisizokuwa chini ya amri hiyo.

Jambo la pili ni fedha. Ndege za Žatec zilinunuliwa kwa dola, na dola hizo ziliingia katika hazina ya Wakomunisti waliotwaa serikali ya Prague mwezi Februari 1948. Serikali hiyo haikuwa na huruma ya pekee kwa Wayahudi; ilihitaji fedha za kigeni. Mwezi Juni 1949 Askofu Mkuu wa Prague, Josef Beran, ambaye alikwisha kuteswa na Wanazi katika kambi ya Dachau, alifungiwa na serikali hiyo hiyo, wala hakuwa huru mpaka alipotolewa nchini kwenda Roma mwaka 1965. Hatusemi kwamba marubani walimfunga Askofu Mkuu Beran. Twasema tu kwamba mwenye kununua chini ya meza hawezi kuchagua sana mwuzaji wake, na fedha yake haiulizi inakwenda wapi.

La tatu ni zito kuliko yote, na hapa yatupasa kurudi kwa Winters na ndege zake. Tarehe 29 Mei Baraza la Usalama liliziamuru pande zote kusimamisha vita na kutoingiza silaha, na mapatano hayo yakaanza tarehe 11 Juni. Tangu siku ile Uingereza nayo ilizuia silaha zake kwa Waarabu. Mizani ikaanza kugeuka. Lakini magendo ya Žatec hayakukoma. Yaliendelea mpaka mwezi Agosti, Wacheki walipokifunga kiwanja. Zile B-17 tatu ziliondoka Miami katika mwezi wa mapatano. Tarehe 15 Julai, mapigano yakiwa yameanza tena, zikaruka toka Žatec kwenda Israeli, na njiani zikaangusha mabomu: moja juu ya Kairo, nyingine upande wa Gaza. Yale ya Kairo yalilengwa ikulu ya Mfalme Faruk; yakaanguka katika mji wenye watu wake, wanawake na watoto na wauza maji.

Hapo mlinzi wa langoni hayupo tena. Kufungua lango ili watu waingie ni tendo moja. Kwenda kutupa moto juu ya mji wa adui ni tendo jingine, hata kama ufunguo ni mmoja. Wamisri walikwisha kufanya vivyo hivyo juu ya Tel Aviv, ni kweli. Amri ya Tano haina nyongeza inayosema isipokuwa kama mwenzako ameanza. Na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulilaani bila kificho tendo la vita linaloteketeza miji pamoja na wakaaji wake. Marubani wale walijifunza kazi katika vita ambayo pande zote mbili zilichoma miji mizima. Hilo laeleza hali ya mioyo yao. Haligeuzi sheria ya Mungu.

Na Tomaso, ambaye kwanza aliwafungulia lango, ana mfano wa pili. Mtu amemwekea mwenzake upanga kwa amana. Sheria yasema amana irudishwe mwenyewe akiidai. Lakini akija kuidai akiwa na wazimu, au ili aidhuru nchi yake, usimrudishie. Mfano huu nao ni wa kuacha maneno ya sheria ili kulinda haki. Lakini tazameni jinsi unavyogeuka na kumtazama mvusha silaha usoni. Kama sheria ya amana yaweza kuwekwa kando kwa kuogopa upanga utakavyotumika, basi anayeiweka sheria kando ili atoe upanga hana budi kuuliza swali lile lile: utafanya nini mkononi mwa anayeupokea, leo, na kesho, na siku adui atakapokuwa amekwisha kushindwa?

Katika vita ile Waarabu wa Palestina wapatao 700,000 walitoka au walitolewa katika makao yao, na miongoni mwao walikuwako ndugu zetu Wakristu wengi. Papa Pius XII alililia jambo hilo katika barua alizoziandikia Kanisa zima mwaka 1948 na 1949, na mwaka 1949 huo ulianzishwa Utume wa Kipapa kwa ajili ya Palestina ili kuwalisha wakimbizi. Katika vijiji vya Galilaya karibu na mpaka wa Lebanoni kulikuwa na viwili vya Wakatoliki wa Mashariki: Iqrit, cha Wamelkiti, na Kafr Bir'im, ambacho wengi wake walikuwa Wamaroni. Wanakijiji hawakupigana na jeshi la Israeli. Mwezi Novemba 1948 waliambiwa watoke kwa muda mfupi tu, kwa sababu za ulinzi, kisha watarudi. Hawakurudishwa. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe iliamua kwamba watu wa Iqrit wana haki ya kurudi. Mkesha wa Noeli wa mwaka huo jeshi likazivunja nyumba zao, likaliacha kanisa. Tarehe 16 Septemba 1953 ndege za jeshi la anga zilikiteketeza Kafr Bir'im kwa mabomu, wenyewe wakitazama toka kilimani. Miongoni mwa watoto wa kijiji hicho alikuwamo Elias Chacour, ambaye mwaka 2006 aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Wamelkiti wa Galilaya.

Hatusemi kwamba ndege zilizoteketeza Bir'im ndizo zilizotoka Burbank. Wala hatusemi kwamba Schwimmer angeliyajua hayo alipokuwa akihesabu dola zake mwaka 1947. Mtu hatoi hesabu ya asichoweza kukijua. Lakini jeshi la anga lililotumwa Bir'im lilizaliwa kwa magendo yale, na Schwimmer mwenyewe alirudi Israeli, akawa mwanzilishi wa kiwanda kikubwa cha ndege cha taifa lile, akaishi hadi mwaka 2011. Wengine waliobaki hai nao waliheshimiwa sana. Heshima ile ilikuwa na nguvu. Watu waliokuwa tayari kuivunja sheria ya Marekani kwa ajili ya wanyonge wa mwaka 1948 ndio hasa ambao sauti yao ingelisikiwa walipotokea wanyonge wengine. Wajibu wao ulikuwa haujakwisha ndege zilipotua.

Kuhusu adhabu, mawazo yetu ni haya. Schwimmer alihukumiwa mwaka 1950 faini ya dola 10,000, akapoteza na haki ya kupiga kura. Hakutaka kuomba msamaha, kwa kuwa kuomba kungekuwa kukiri kwamba alikosa. Marafiki zake waliomba, na Rais Clinton akampa mwezi Januari 2001. Twamheshimu. Lakini twamheshimu zaidi Winters, ambaye alikubali kosa mbele ya mahakama, hakuwataja wenzake, akaenda gerezani, akatoka, akarudi kazini kwake. Mtu anayeivunja sheria njema kwa ajili ya jambo lililo kubwa zaidi, kisha akailipa sheria hiyo haki yake bila kunung'unika, ameitukuza sheria kuliko yule anayeitii kwa woga. Serikali nayo haikukosea kumhukumu, wala haikukosea kumsamehe. Hakimu hana mizani ya kupimia mioyo. Ana kitabu cha sheria mbele yake.

Vijana wetu hupenda sana hadithi za namna hii, na twafurahi kwamba wanazipenda. Marubani usiku juu ya bahari, karatasi za Panama, nyumbu wa Kicheki wanaopelekwa vitani vipande vipande! Baba akiisimulia jioni nyumbani, asiifiche sehemu ya ujasiri. Lakini aisimulie yote, na asiikatishe Isdud. Isdud ni mahali ambapo hadithi yapendeza kukatishwa. Bir'im ni mahali ambapo ilifika. Na mama akimsikia mtoto akiuliza kama basi Wayahudi ni watu wabaya, au Waarabu ni watu wabaya, amkumbushe kwamba Mama wa Yesu alikuwa binti wa Kiyahudi, na kwamba katika Galilaya ile ile wapo Wakristu wanaomwomba Mama huyo kwa Kiarabu.

Kanisa la Kafr Bir'im lingaliko, limesimama katikati ya mawe ya nyumba zilizobomoka. Wenyeji walihamia kijiji jirani cha Jish na miji mingine. Hawajaruhusiwa kurudi kukaa. Baada ya miaka mingi walipewa ruhusa moja, nayo wameitumia: anapofariki mmoja wao, humchukua mpaka kijijini na kumzika karibu na wazazi wake.